Huzuni ya Taa Namba 417

Katika nchi moja ambayo wenyeji wake wanaijua na majirani wake wanaijua zaidi, Serikali ilinunua mashine ya kutibu kifafa. Ilikuwa mashine nzuri, wala hakuna wa kuibeza. Mgonjwa alidungwa sindano yenye mbegu fulani, na mbegu hizo zilipoingia katika chembe za ubongo, chembe zikaanza kuitikia mwanga. Kisha uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele, ulipitishwa nyuma ya sikio hadi ndani, na kwa nje ikafungwa taa ndogo kama punje ya mahindi. Mwanga wa buluu ukiwaka, chembe huamka. Wa manjano ukiwaka, hulala. Mashine yenyewe ilikaa mbali ikiusoma ubongo wa mgonjwa kila sekunde, na ikiona kifafa kinakuja iliwasha manjano kabla mwenyewe hajajua kwamba alikuwa karibu kuanguka. Wagonjwa kumi na wawili wakapona kabisa, wakapigwa picha.

Mheshimiwa Waziri alisimama katikati ya picha hiyo, na ndipo alipouliza lile swali lililobadilisha historia ya taifa. Aliuliza kama taa zile zinazuia kifafa tu, au hata manung'uniko.

Haukupita mwaka, ikaundwa Wizara ya Nuru na Hisia. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alihutubia saa tatu na dakika kumi. "Mataifa mengine," alisema, "huwaacha wananchi wao wahisi ovyo. Mtu anaamka tu asubuhi, anahuzunika, bila mpango, bila ratiba, bila kumwarifu kiongozi yeyote. Sisi tumekataa. Kuanzia leo hisia ni rasilimali ya taifa, kama madini na misitu, na mtajua wenyewe jinsi tunavyotunza madini na misitu." Watu walipiga makofi. Taa zilikuwa hazijafungwa bado, kwa hiyo makofi yale yalikuwa ya hiari, na wengine hadi leo wanayaonea aibu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Huzuni, hasira, woga na majuto vililazwa kwa manjano wakati wote. Furaha, Kuridhika na Uhakika viliwashwa kutoka makao makuu kwa wananchi wote kwa pamoja, kwa ratiba iliyosomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa. Mwenye haja ya hisia binafsi aliomba kibali. Wataalamu wa kigeni walikuwa wameeleza kwamba sifa kubwa ya mashine ni kujibu papo hapo, kabla jicho halijapepesa. Bunge lililipenda sana neno hilo, likalitia katika sheria, na kanuni ya nne ikafafanua kwamba "papo hapo" maana yake ni muda usiozidi siku ishirini na moja za kazi, kwa kuwa kila mwanga lazima upitie masjala na kutiwa saini na maofisa watatu, ambao mmoja wao daima yuko semina.

*

Mwanamvua Chande alifungwa taa yake katika uwanja wa shule ya msingi, pamoja na kata nzima. Mumewe Zuberi, ambaye alikuwa mwashi, alifungwa ya kwake kazini.

Watu wa nchi hiyo hawasimami foleni kwa miguu yao. Alfajiri kila mtu anakwenda kuweka kitu chake mstarini, jiwe, kopo au kandambili, kisha anarudi nyumbani kupika, na kitu kile kinamsimamia. Hakuna anayekisogeza, hata mwizi. Mwanamvua aliweka kandambili ya Zuberi, maana ilikuwa kubwa na ilionekana kwa mbali. Karani wa Wizara alipofika aliona ni ustaarabu wa kusifiwa. Akapita mstarini na daftari, akauliza jiwe hili la nani, kopo hili la nani, akaandika majina na namba za taa kwa mpangilio wa vitu vile. Kandambili ilipata 417. Jiwe lililofuata, lenye alama ya chokaa, lilikuwa la fundi mizani mmoja aitwaye Nestori Kalumbete, naye akaandikiwa 418.

Zamu ilipokaribia, Nestori alimgeukia Mwanamvua. "Mama, samahani. Nimeacha kibanda wazi na mizani ya watu iko ndani. Ningeomba nikutangulie."

"Pita, baba," alisema Mwanamvua, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa.

Nestori akapita, akakaa kitini. Muuguzi akachukua taa iliyofuata katika sanduku, namba 417, akamfunga. Kisha akakaa Mwanamvua, akafungwa 418. Hakuna aliyelitazama daftari, kwani lilikuwa limeshafungwa na kupigwa mhuri.

*

Miaka mitatu ilipita kwa Furaha asubuhi na Kuridhika jioni. Mwanamvua na Zuberi waliishi kama walivyoishi siku zote. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu wa Zuberi wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walikuwa wawili tu na maneno yao madogo. Zuberi alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole kupita kiasi. Kipande cha mwisho cha muhogo alikiacha kila siku sahanini, akisema ameshiba, wakati hajashiba. Alikuwa hawezi kupita penye ukuta uliopinda bila kusimama na kuuwekea kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Na chai hakuinywa kwa kikombe. Aliinywa kwa bakuli, akiivuta kwa mdomo hadi jirani wakasikia.

Jumanne moja, saa moja asubuhi, Zuberi alivuta chai yake kama kawaida, na Mwanamvua akapandwa na hasira. Haikuwa hasira ya chai. Ilikuwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu kikubwa.

"Miaka thelathini unakunywa kama ng'ombe aliyefika mtoni," alisema. "Nimechoka kukusikia. Nenda kanywee nje."

Zuberi alimtazama, kisha akasema, "Haya, mke wangu." Akabeba bakuli lake, akakaa kizingitini, akamalizia huko. Hasira ilimtoka Mwanamvua baada ya dakika kumi kamili, akabaki anaosha sufuria na kujiuliza imetoka wapi. Angemwomba radhi, lakini majuto yalikuwa yamelazwa, na tena hayakuwa na fomu. Jumatano Zuberi alikunywa chai kizingitini. Alhamisi pia. Hakuwa amenuna. Alifanya hivyo ili asimsumbue.

Alhamisi hiyohiyo akaenda kazini, kwenye jengo la Ukumbi wa Furaha ya Taifa. Alisimama penye ukuta wa mashariki, akauwekea kiganja, akamwambia msimamizi kwamba umepinda. Msimamizi asubuhi ile alikuwa amewashiwa Uhakika wa ziada, kama wasimamizi wote, akamjibu kwamba ukuta uko sawa. Saa nne ukuta ukaanguka. Zuberi alikuwa bado amesimama chini yake.

*

Alizikwa Ijumaa, katikati ya Wiki ya Furaha. Wafiwa walishuka makaburini wakitabasamu. Wanawake waliokuja kukaa matanga walijaa sebuleni wakakaa mkekani, wakaanza kusimuliana habari za harusi. Mmoja alijaribu kufinya macho, kwa heshima tu, akashindwa, akaomba aletewe chai. Mwanamvua naye alitabasamu. Alikuwa anajua kabisa kwamba mumewe amekufa. Alijisikia kama mtu aliyetumwa dukani akafika na kusahau alichotumwa, akabaki amesimama mbele ya muuzaji na kikapu mkononi.

Siku ya nne akaenda kwa Afisa Huzuni wa Wilaya, Bwana Ruhinda. Alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na roho isiyo mbaya.

"Pole, mama," alisema, akisoma maneno hayo kwenye kadi iliyokuwa mezani. "Viambatisho umeleta?"

Alikuwa ameleta. Cheti cha kifo. Picha tatu za marehemu akiwa anatabasamu. Barua ya mtendaji wa kata kuthibitisha kwamba mume na mke walipendana, angalau siku za kazi. Ruhinda akamsomea fomu. "Kipimo cha machozi kinachoombwa. Kuna kijiko, kikombe na ndoo. Mimi ningekushauri kikombe, mama. Ndoo lazima iende kwa Katibu Mkuu."

"Tia ndoo, mwanangu. Alikuwa mtu mkubwa, yule."

"Itachelewa."

"Nitasubiri. Kwani hana mwingine wa kumlilia. Ni mimi peke yangu."

Ruhinda alitia alama kwenye ndoo. Akamweleza kwamba hizo siku ishirini na moja zinahesabiwa tangu jalada lifike masjala, na kwamba masjala iko ghorofa ya juu, na kwamba mhudumu anayepandisha majalada ana likizo. Mwanamvua akasema haya.

*

Kibali kilitoka. Kilikuwa na mihuri minne na picha ya Mheshimiwa Waziri akiwa amefumba macho kwa majonzi, picha iliyopigwa kwa kibali maalumu. Kilisema hivi: Huzuni, daraja la kwanza, ndoo moja, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi hadi Jumamosi saa kumi alasiri.

Mwanamvua alijiandaa kama anayesubiri mgeni wa heshima. Alifagia, akatandika mkeka, akajifunga kanga nyeusi, akatoa kandambili ya Zuberi na bakuli lake akaviweka mbele yake. Saa mbili ikafika. Akangoja. Saa tatu akajishika nyuma ya sikio. Saa sita akapika, akala, akaona chakula kitamu. Jumanne haikuja. Jumatano alilitazama lile bakuli tangu asubuhi hadi jua linazama, na bakuli likabaki bakuli. Jirani walipita mlangoni wakachungulia, wakauliza kama imeshafika, akasema bado, labda iko njiani. Mambo ya Serikali huchelewa, wakasema, wakaenda zao.

Jumamosi asubuhi alivaa viatu akarudi kwa Ruhinda.

"Haijafika, mwanangu. Na leo ndiyo mwisho."

Ruhinda aligeuza mashine yake, akaisoma. "Imefika, mama. Unalia tangu Jumatatu. Hapa naona umelia vizuri sana. Juzi hukula kabisa. Jana umeanguka mara mbili." Akainua macho akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, macho makavu, na mkoba wake mapajani. "Hata sasa hivi unalia," akasema, kwa sauti ya chini.

Wakatazamana. Ruhinda alikuwa mtumishi mwaminifu, na mtumishi mwaminifu huamini mashine, lakini aliinuka akamzunguka, akainama nyuma ya sikio lake, akasoma tarakimu ndogo zilizochongwa kwenye taa. Kisha akaenda kabatini akalitoa daftari la uwanja wa shule. Mwanamvua aliliona jina lake, na chini yake jina la mwenye jiwe la chokaa, na akakumbuka alivyosema pita, baba.

"Kumbe yuko nayo yeye," alisema.

"Yuko nayo. Na wewe una ya kwake." Ruhinda alikuwa ameshafungua jalada la 418, bila kufikiri. "Huyu aliomba hasira. Daraja la tatu, dhidi ya jirani aliyehamisha mpaka wa shamba. Alikubaliwa. Ilitolewa Jumanne, saa moja asubuhi, dakika kumi."

Akasoma na tarehe. Mwanamvua akaomba airudie. Akairudia.

Pale palipopaswa kuwa na kitu kifuani palikuwa na Furaha ya asubuhi ya Jumamosi, laini, ya taifa zima, na hakuwa na njia ya kuisukuma ikae pembeni.

"Nirudishieni yangu," alisema. "Leo hii. Hata kama ni saa moja."

"Mama, mwanga ukishatolewa umetolewa. Marehemu mmoja huliliwa mara moja tu, kanuni ya kumi na moja inakataza msiba kurudiwa. Unaweza kukata rufaa."

"Inachukua muda gani?"

"Papo hapo," alisema Ruhinda, akatazama meza. Kisha akamsogezea karatasi. "Naomba sahihi yako hapa, kwamba huzuni umeipokea ikiwa kamili. Bila hiyo siwezi kufunga jalada, na nisipolifunga wataniuliza." Mwanamvua akatia sahihi. Ruhinda aliikunja ile karatasi polepole, kisha, kinyume cha kanuni sijui ngapi, akachana kipande cha gazeti, akaandika nyumba anayokaa Nestori Kalumbete, akampa.

*

Alifika saa tisa alasiri. Nje ya nyumba kulikuwa na watu wamesimama kimya, wengine wamevua kofia. Mke wa Nestori alimpokea mlangoni, uso umechoka.

"Karibu, mama. Hatujafiwa. Ndiyo maana tunashangaa. Ndugu zake wote tumewahesabu, wazima. Lakini analia tangu Jumatatu."

"Najua," alisema Mwanamvua. "Wa kwangu ndiye aliyekufa."

Nestori alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, shati limelowa kifuani. Nyuma ya sikio lake taa ilikuwa buluu kali. Mwanamvua alijikunja akakaa mbele yake, akamweleza yote, foleni, daftari, jalada. Nestori alimsikiliza huku machozi yanamtiririka, bila kuyafuta.

"Kwa hiyo ni mume wako," alisema. "Siku sita hizi nalilia mtu nisiyemjua. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwanamvua akamweleza. Alimweleza habari za muhogo na za kiganja ukutani. Alimweleza jinsi Zuberi alivyokuwa anaimba akioga, wimbo mmoja tu, na maneno yake nusu hayajui. Kila alipotaja jambo, Nestori alilipokea na kulililia, kwikwi kubwa za mtu mzima, na Mwanamvua akamtazama jinsi mwenye njaa anavyomtazama mwingine anakula. Alisogea karibu. Alikuwa na habari nyingi na saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro robo.

"Na kuna ya chai," alisema. Akamsimulia ile Jumanne.

Nestori alishika kichwa. "Ile ilikuwa yangu. Hasira ile ilikuwa yangu, mama. Niliiomba kwa ajili ya jirani yangu na wapima ardhi wake. Walikuja saa moja kamili, nikasimama pale naisubiri, haikuja. Nikawa natabasamu. Nikawashikia na kamba ya kupimia. Shamba limekwenda hivyohivyo." Akamshika Mwanamvua mikono yote miwili. "Nisamehe. Alikwenda kunywa nje?"

"Alikwenda. Hata Alhamisi alinywea nje. Ile nayo uililie, baba. Mimi siwezi, na yeye hajui kama haikuwa yangu."

Nestori akaililia. Akalia kwa sauti hadi waliokuwa nje wakaingia, akalia akiita jina la Zuberi, ambaye hajawahi kumwona, akimwambia arudi ndani, chai ipo, akae pale pale pake. Mwanamvua aliitikia kwa kichwa kila neno. Hayo ndiyo maneno yenyewe, na mdomo wa mtu mwingine ulikuwa unayasema sawasawa.

"Mwambie pia," alianza kusema, na saa ikafika kumi.

Taa nyuma ya sikio la Nestori ikageuka manjano. Kwikwi ilimkatikia kooni. Alipumua mara mbili, akaitazama mikono yake iliyokuwa imeshika mikono ya mama asiye wa kwake, akaiachia taratibu, kwa adabu. Akajifuta uso kwa shati. Mkewe akamshukuru Mungu.

"Naam, mama," alisema Nestori. Sauti yake ilikuwa ya kibandani, anayozungumzia na wateja. "Pole tena kwa huyo mzee wako. Kulikuwa na jingine?"

Watu walianza kutoka, wakipongezana kwamba amepona. Mwanamvua alisimama, akatafuta viatu vyake, na alipojishikiza ili avivae alihisi kitu chini ya mkono wake. Akarudisha kiganja, akakitandaza vizuri.

"Huu ukuta wako umepinda," alisema.

Nestori aliutazama. Ilikuwa saa ya Uhakika. "Uko sawa, mama."

Hakumbishia. Alibaki amesimama hapo, kiganja ukutani, akingoja, hadi mke wa Nestori akamletea kiti, akidhani amechoka.